Tulivyomtafuta Majeruhi Usiku Kucha

Shemeji yangu ni mtu wa mizani. Watembeaji wa masafa marefu, wale wanaokaa njiani majuma na miezi, wote wana ugonjwa huo kidogo, lakini wa kwake umekomaa. Mswaki ameukata mpini. Lebo za nguo zote amezinyofoa. Ramani ameipunguza kingo, akitoa sehemu tusizopita, kwa hoja kwamba huko hatuna shida nako. Kila kinachoingia kwenye begi lake kinapimwa kwa gramu na kuandikwa kwenye daftari, na daftari lenyewe limepimwa.

Sasa mtu wa namna hiyo umwambie unataka kubeba gita.

Wazo langu lilikuwa zuri, na nalishikilia mpaka leo. Mchana tunatembea, jioni tunafika kambini, tunapiga muziki, watu wanafurahi, kofia inapitishwa, kesho tunaendelea na safari. Yeye anapuliza filimbi ya bati, tena anaipuliza vizuri. Mimi nina gita langu la nyuzi za chuma. Wawili sisi tayari ni bendi.

"Shemeji," akaniuliza, "hilo gita lina kilo ngapi?"

"Mbili na ushee."

"Na sanduku lake?"

Nikajifanya sijasikia. Sanduku lake, lile gumu, ni zito kuliko gita lenyewe.

"Filimbi yangu haifiki gramu mia," akasema, akaitoa kwenye mfuko wa shati na kuiweka mezani mbele yangu. Hakuongeza neno. Huyo ndiye shemeji yangu: akikushinda, anakuachia ukimya ukumalize.

Lakini nilikuwa nimejipanga. Nikamfungulia historia. Nikamweleza habari za Johann Sebastian Bach, yule mtunzi wa muziki wa Ujerumani, kwamba mwaka 1705, akiwa kijana wa miaka 20, alitoka mji wa Arnstadt akaenda kwa miguu mpaka Lübeck, kilomita 400 hivi, kwa sababu tu alitaka kumsikiliza Buxtehude, bingwa wa huko, akipiga kinanda. Kanisani kwake alipewa ruhusa ya wiki nne. Akakaa kama miezi minne, na aliporudi wakubwa wake wakamweka kiti moto. Nikahitimisha: muziki na miguu ni mke na mume tangu zamani.

"Bach alikuwa anapiga nini?" akauliza shemeji.

"Kinanda cha kanisani. Kile cha mabomba."

"Alikibeba?"

Nikamwacha Bach nikahamia kwa Laurie Lee, yule Mwingereza aliyeshuka melini Vigo mwaka 1935, akaikata Hispania kwa miguu kutoka kaskazini hadi pwani ya kusini, akiishi kwa kupiga fidla barabarani, na Kihispania chake chote kilikuwa sentensi moja ya kuomba glasi ya maji. Hapo nilidhani nimempata. Shemeji akatazama dari, akahesabu kimoyomoyo.

"Fidla haizidi nusu kilo," akasema. Mtu hajawahi kushika fidla maishani mwake, lakini uzito wake anao! "Na huyo bwana mwisho wake ulikuwaje?"

Ikabidi niseme kweli. Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka, akaondolewa pwani na meli ya kivita ya Uingereza.

"Basi yeye angalau kurudi alipanda meli."

Nilikuwa pia na Vachel Lindsay, mshairi Mmarekani aliyetembea mwaka 1912 kutoka Illinois mpaka New Mexico akibadilishana mashairi kwa mkate. Nikaamua nimwache huko huko aliko. Mashairi ni karatasi, na hoja ya uzito ingenirudia mwenyewe.

Aliyetuamua ni mke wangu. Alisikiliza kutoka chumba cha pili, akamwambia kaka yake: "Nenda naye, na gita lake aende nalo. Tena likae huko."

Tukakubaliana. Sanduku gumu libaki, gita liingie kwenye mfuko wa kitambaa, na mzigo huo niubebe mimi bila msaada wala huruma ya mtu. Wazoefu husema begi la mtembeaji lisizidi sehemu ya tano ya uzito wa mwili wake. Tulipopima, mimi na gita tulikuwa tumeshavuka. Shemeji akapiga hesabu upya, akafunga daftari, akasema njia iliyobaki ni mimi kunenepa.

Kuhusu kutembea na gita mgongoni nitasema jambo moja tu: ukiinama kupita chini ya tawi, wewe unapita, gita halipiti. Shingo yake inasimama juu ya kichwa chako, nawe unaisahau kila mara kwa sababu haina maumivu. Kila tawi lililojitokeza liligonga kule juu, nyuzi zote sita zikalia ndani ya mfuko, nami nikarudishwa nyuma hatua mbili. Shemeji, aliyekuwa mbele na begi lake la mtoto wa shule, hakuhitaji kugeuka kujua nilipo.

Onyesho la kwanza lilikuwa kwenye kibanda cha wasafiri. Hapa kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Mtu aliyetembea tangu alfajiri na mzigo mgongoni, saa tatu ya usiku kwake ni usiku wa manane. Tulianza saa mbili na nusu. Wimbo wa kwanza ulipata wasikilizaji, wawili kati yao wakiwa wamekaa. Wimbo wa pili uliitikiwa kwa koromo. Bwana mmoja akatoa kichwa kwenye fuko lake la kulalia na kuuliza kwa adabu zote kama tumemaliza, nami nikamwambia bado nyimbo kadhaa, akashukuru, akarudisha kichwa ndani na kuvuta zipu mpaka mwisho.

Mtunza kibanda hakusema kitu. Alielekeza tochi yake ukutani, kwenye ubao wa zile kanuni saba za kutoacha alama porini. Ya kwanza ni kupanga safari mapema, nyingine ni za taka, moto na wanyama, ambazo zote tulikuwa tunazifuata. Tochi ilitulia kwenye ya saba: uwajali wenzako, na uache sauti za maumbile zisikike. Shemeji akaisoma kwa sauti. Kisha akaisoma tena, huku ananitazama.

Kofia ilirudi na plasta moja ya malengelenge. Mimi niliihesabu kuwa mapato. Shemeji aliiweka kwenye mizani.

La pili tulilifanya alfajiri, juu kabisa ya njia, kwenye uwanja wa mawe ambapo watu walikuwa wamesimama kungoja jua. Nilisema hapa hakuna atakayelala, maana baridi haimruhusu. Na kweli hawakulala. Ila baridi ina mambo yake. Nyuzi za chuma zikipoa hujikaza, sauti inapanda. Filimbi nayo ni kinyume: hewa ya baridi ndani ya bomba hupunguza mwendo wa sauti, kwa hiyo filimbi inashuka. Ukitoka nyuzijoto 20 hadi sifuri, filimbi ambayo bado haijapashwa na pumzi inaweza kushuka zaidi ya nusu ya ile hatua ndogo kabisa iliyo kati ya noti moja na jirani yake. Yaani gita langu likapanda, filimbi ya shemeji ikashuka, na katikati yao ukabaki wimbo wenyewe, hauna kwao.

"Shusha!" akanong'ona shemeji.

"Panda wewe!"

"Filimbi haina pa kukazia, Shemeji!"

Nikajaribu kuokoa kwa kuimba. Tulikuwa tumepita mita 3,000, ambako hewa ina kama asilimia 70 ya mgandamizo wa usawa wa bahari, na mstari ambao nyumbani naumaliza kwa pumzi moja na chenji inabaki, pale uliniishia kwenye neno la tatu. Nikavuta hewa. Nikaimba maneno mawili. Nikavuta tena. Mama mmoja akaja mbio na chupa ya maji, akanikalisha kwenye jiwe na kunishika mapigo ya moyo, na watu wakapiga makofi aliposema nitapona. Shemeji anadai makofi yale hayahesabiki. Mimi nayahesabu.

Siku iliyofuata mvua ilitupiga mpaka jioni. Tukashuka kwenye kambi iliyo ukingoni mwa bonde, mahema kama kumi hivi, watu wamechoka na kunyeshewa, hakuna aliyetaka kusikia neno muziki. Mfuko wa gita ulikuwa unachuruzika. Gita lenyewe, kwa bahati, lilikuwa na unyevu wa kawaida tu. Sasa mbao za gita ni kitu cha kuonea huruma: watengenezaji wanapenda likae kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, ukizidi mbao zinavimba, ukipungua zinapasuka. Nikamwambia shemeji gita lilale ndani.

Hema la shemeji lina uzito wa kilo moja na limeshonwa kwa ajili ya watu wawili wanaopendana. Sisi ni mashemeji. Tulikuwa tunalala kwa zamu ya kugeuka. Aliniuliza nani kati yetu watatu atoke.

Basi nikaufungua mfuko, nikautandaza juu ya jiwe ukauke, na gita nikalitundika kwa mkanda wake kwenye mti uliokuwa pembeni ya kambi, juu ya mteremko, mahali penye hewa nzuri. Nililielekeza kifua upande wa bondeni ili upepo upite vizuri. Hiyo ni akili ya kawaida ya mtu anayetunza chombo chake, na sioni hata leo nani angefanya vingine.

Nikaamshwa usiku na sauti.

Ilianza chini, ndefu, mtu anaguna. Ikapanda polepole, ikawa kilio, ikatetemeka kule juu, halafu ikakatika. Kimya. Kisha ikaanza tena.

"Shemeji," nikasema.

"Nimesikia."

Nje zipu za mahema zilikuwa zinafunguka moja baada ya nyingine. Tukatoka. Watu walikuwa wamesimama na tochi vichwani, mmoja na kiatu kimoja, wote wameelekeza masikio bondeni. Ikaja tena: uuuuu, mpaka juu, na safari hii ikafuatwa na kishindo kizito, ndu!

"Kuna mtu ameanguka huko chini," akasema mzee mmoja, mkongwe wa njia hizi, mwenye ndevu nyeupe na fimbo mbili. "Ameumia. Anaomba msaada."

Hakuna aliyebisha. Yule mama aliyenishika mapigo ya moyo, ambaye kumbe ni muuguzi, alikuwa ameshafungua mkoba wake wa dawa. Mzee akatupa darasa la haraka. Ishara ya kuomba msaada milimani, ile ya milima ya Alps huko Ulaya, ni mlio au mwanga mara sita ndani ya dakika moja, kisha dakika nzima ya kimya, kisha unarudia. Anayesikia anajibu mara tatu kwa dakika. Akauliza nani ana filimbi.

Sijawahi kumwona shemeji akijivuna kiasi kile. Akaitoa mfukoni, gramu zake zote, akapuliza mara tatu, akitenganisha vizuri.

Tukasubiri. Upepo ukatulia, kukawa kimya kabisa. Halafu, kutoka gizani: uuuuu.

"Anatusikia!" akapiga kelele mtu wa kiatu kimoja. Dada mmoja akaanza kulia.

Tukapangana mstari tukaanza kushuka. Matope, mawe, giza, watu wazima wameshikana mikono. Kila tukienda kidogo shemeji anapuliza mara tatu, na majeruhi anajibu, wakati mwingine upesi, wakati mwingine baada ya muda, jambo ambalo muuguzi alilieleza kuwa ni dalili ya kupoteza fahamu na kuzinduka. Mzee alikuwa anamtia moyo kwa sauti kuu: "Usijongee! Kaa hapo hapo! Tunakuja!"

Tulipofika chini kwenye kijito, sauti ikaja kutoka nyuma yetu. Juu.

Mstari mzima ukageuka.

"Amepanda," akasema mzee.

"Amepandaje na ameumia?"

"Basi hajaumia mguu," akasema muuguzi, na kwa mara ya kwanza usiku ule alionekana kukasirika.

Tukaanza kupanda tulikotoka. Upepo nao ukaongezeka, na kilio kikapanda nao, sasa kikawa cha watu wawili au watatu wanaolia kwa pamoja. Hapo ndipo sikio langu la muziki lilipofanya kazi. Nami nikasema kwa nia njema kabisa, kwa kuwa kila taarifa ina msaada katika uokoaji:

"Huyu mtu analia kwenye noti ya mi."

Hakuna aliyejibu. Nikaendelea: "Analia mi ya chini, halafu anairuka na kuishika mi ya juu. Hakosei hata kidogo."

Shemeji aliyekuwa mbele yangu alisimama. Akageuka taratibu mpaka tochi ya kichwa chake ikanipiga usoni.

"Shemeji," akasema kwa upole wa kutisha. "Uzi wa kwanza wa gita ni noti gani?"

"Mi."

"Na wa sita?"

Nikatazama juu ya mteremko. Tochi zote zikatazama ninakotazama. Pale kwenye mti, gita langu lilikuwa linaning'inia kwa mkanda, linayumba kwa madaha. Upepo ukavuta, nyuzi zikaguna, zikapanda, zikalia, na mwisho wa bembea tumbo la gita likagonga shina la mti. Ndu!

Kwa kuwa kimya kilikuwa kizito, nikaona niwaeleze. Upepo ukipita kwenye uzi mwembamba huzunguka nyuma yake kwa mikupuo midogo, mmoja huku, mmoja kule, na mikupuo hiyo ikienda sambamba na mtetemo wa uzi, uzi unalia bila kuguswa na mkono. Upepo ukizidi, unaruka kwenye sauti ya juu zaidi, ndiyo maana kilio kilikuwa kinapanda. Kuna hata kinubi kilichotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo, kinawekwa dirishani kipigwe na upepo, na kimepewa jina la Aeolus, mlinzi wa pepo katika hadithi za Wayunani. Kwa hiyo kitaalamu, nikawaambia, usiku huu mmesikiliza kitu adimu.

Ilikuwa saa tisa ya usiku. Tulikuwa na matope mpaka magotini. Nadhani saa ilichangia namna walivyolipokea somo lile.

Mtu wa kiatu kimoja alilia akitaka gita litupwe kijitoni, na kuna waliomuunga mkono. Muuguzi akasema hapana, kwanza apewe yeye alitundue mwenyewe, maana usiku mzima amekuwa akimwandalia mgonjwa huyu bandeji. Akalitundua, akalifunika na blanketi la dharura, lile la kung'aa, akalilaza ndani ya hema lake. Gita likalala vizuri kuliko mimi.

Asubuhi nilipotoka kwenye hema nilikuta kofia yangu inazunguka kambi nzima. Sikuipitisha mimi. Alikuwa nayo yule mzee, anaenda hema kwa hema, na kila mtu anatia kitu. Tena fedha, si plasta. Nilisimama pale nikiona jinsi sanaa inavyochelewa lakini inafika. Kumbe watu waliguswa. Nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya shukrani mzee alipofika na kunikabidhi kofia kwa mikono miwili.

"Wanangu," akasema, "wenzenu wamechanga. Tunaomba mpokee, halafu leo mtangulie. Msilale kambi ijayo, ambayo tutalala sisi. Mlale ile ya mbele yake."

"Ni mbali sana, mzee," nikasema.

"Ndiyo maana tumechanga nyingi."

Nikamgeukia shemeji anisaidie kukataa, maana mtu ana heshima yake. Shemeji alikuwa ameshaichukua kofia. Alikaa kwenye jiwe, akazimwaga sarafu kwenye mizani, akatazama namba, akazitoa, akazirudisha, akatazama tena. Akafungua daftari. Akaandika. Akapiga mstari chini, akakokotoa kitu pembeni, kisha akaja, akaninyang'anya gita bila kusema lolote, na kulipachika mgongoni mwake mwenyewe.

Tukatembea mwendo mrefu kabla hajanena.

"Shemeji," akasema hatimaye, akiinama kupita chini ya tawi, na gita likagonga, "hiyo kambi ya leo ina miti mirefu?"